Kengele ya Nisara

Hohengrain, Jumatano ya Majivu, 1659

Kaka Korbinian, Baba Askofu wa Nisara,

Nimeanza na kaka kwa sababu ulikuwa kaka yangu kabla hujawa baba wa mtu yeyote. Ukikasirika, kasirika.

Sisi tu wazima. Mama anakohoa, lakini ulimi wake haukohoi. Bado anaitwa kuzalisha; juzi alipita kwenye theluji iliyofika magotini hadi kwa mke wa Leonhard mhunzi, akarudi akilalamika kwamba wanawake wa siku hizi wanapiga kelele bila mpangilio.

Barua yako ya Krismasi nilimsomea mara mbili. Akasema, "Rudia pale anaposema ana afya." Nikarudia. "Anadanganya huyo," akasema. "Mwenye afya hana haja ya kusema."

Sasa sikiliza. Jumapili Padre Wendelin alihubiri habari za Wakristo walio chini ya Waturuki, akasema huko hawaruhusiwi hata kupiga kengele. Mama akasimama katikati ya mahubiri. "Mungu wangu! Mwanangu ni askofu asiye na kengele!" Kanisa zima likageuka. Wewe unajua sisi wenyewe mnara wetu ni mtupu tangu Waswidi walipozibeba kengele zetu wakazigeuza mizinga. Mpaka leo tunaitana Misani kwa kugonganisha vibao vya Ijumaa Kuu, kama vile Bwana hajafufuka. Lakini watu waliona uchungu wako kuliko wao. Wanachanga shaba, kaka. Birika, vishikio vya milango, vinara vilivyopinda. Mama ametoa sufuria yake kubwa ya arusi, ile ya kuchemshia maji ya uzazi. Nusu ya kijiji hiki ilioga kwa mara ya kwanza katika maji ya sufuria ile.

Watu wako wa Nisara wakoje? Wanakula nini? Kila jioni Mama huwaombea wao kwanza, sisi baadaye. Na utakuja lini? Tangu Misa yako ya kwanza hatujauona uso wako. Nikifumba macho nauona wa yule kijana, nao najua si wako tena.

Dada yako, Walburga


Altenwerd, Sikukuu ya Mtakatifu Yosefu

Burgi mdogo wangu,

Nimecheka nilipofika kwa wanawake wanaopiga kelele bila mpangilio. Mtumishi wangu akachungulia mlangoni kuona nani amekuja.

Tafadhali msichange shaba. Nakusihi. Kengele mkiipata, ipandisheni kwenye mnara wenu. Mambo ya Nisara yaacheni. Watu wa Nisara hawajanipa shida hata siku moja, na kuhusu chakula chao siwezi kusema mengi.

Nimekuwa njiani tangu Januari. Nimetoa kipaimara katika vijiji nisivyokumbuka majina yake, watoto wamepangwa mstari na pua zinawatiririka. Mikono yangu inanuka mafuta ya krisma hata nikila. Unajua ninachokitamani? Mkate wa Mama wa peasi kavu. Hapa wanao, lakini wanaujaza viungo kana kwamba peasi ni dhambi ya kufichwa. Na gurudumu la kinu chetu, bado linalia likizunguka? Hapa kimya kimezidi.

Kuja: nimeomba. Mtukufu, mkubwa wangu, anasema baada ya Pasaka, labda.

Mbusu Mama mikono yote miwili.

Korbi


Hohengrain, wiki ya pili baada ya Pasaka

Kaka,

Umechelewa. Kengele imeshamiminwa.

Fundi alichimba shimo nyuma ya kanisa, akajenga kalibu ya udongo ya kumiminia shaba, akakataza mtu yeyote kununa karibu nayo. Alisema shaba husikia. Basi kijiji kizima kilisimama kikitabasamu kama wajinga hadi jioni. Walipoifukua, Mama alikuwa wa kwanza kuigusa. Akaipapasa huku na huku kama anavyopapasa mtoto mchanga kuona kama viungo vimetimia. Akasema, "Mzima."

Imeandikwa NISARA kuizunguka, herufi kubwa. Padre alitaka jina la mtakatifu, ila unamjua Mama.

Wachukuzi wa kwenda Venisi watapita hapa baada ya kukata majani. Watatuchukulia hadi pwani, na huko zipo meli za kwenda kwa Waturuki. Tuambie tu ishushwe bandari gani, na nani ataipokea. Kama hawaruhusiwi kuipiga, Mama anasema waifiche kwenye majani makavu waiguse kwa mkono. Hata kuigusa ni kitu.

Walburga


Altenwerd, Mei

Burgi,

Mama asiwe karibu unaposoma hii. Au la, awe karibu. Sijui.

Hakuna bandari. Hakuna wa kuipokea. Nisara ni mji uliokuwa na askofu zamani za kale, kabla Waturuki hawajauchukua. Leo kanisa halipo, waumini hawapo. Mtu aliyepita huko aliniambia mbuzi wanalala palipokuwa na altare. Lakini Roma haifuti jina la jimbo, hata likifa, na askofu lazima awe na jimbo, kama bwana arusi asivyoweza kuoa hewa.

Huku Altenwerd mwenye jimbo ni Mtukufu, mtoto wa kabaila, aliyepewa kiti hiki akiwa kijana na hajawahi kupata hata upadre. Anatawala, anawinda. Kipaimara hawezi kutoa, altare hawezi kuiweka wakfu. Basi akatafutwa mtoto wa msaga unga, akapewa jina la mji uliokufa ili awe askofu kweli, kisha akatumwa kufanya kazi za mwingine. Mimi ndiye mikono ya Mtukufu. Barua zangu hazitoki mbali zikapitia Altenwerd, kama mlivyodhani. Hapa ndipo ninapoishi, siku zote.

Nilipopata uaskofu niliwaandikia "askofu wa Nisara" na kunyamaza, kwa kuwa nilijua Mama atalipenda neno hilo. Akauliza kama kuna joto huko. Nikasema nitaeleza barua ijayo. Kisha akaanza kuwaombea, na mimi nikakosa moyo.

Nikwambie lote. Wakati mwingine, nikiwa juu ya nyumbu baina ya kijiji kisicho changu na kingine kisicho changu, mimi pia huwaombea. Nimewapa majina. Yuko mjane mmoja mkaidi kule Nisara, kila Misa anachelewa. Namjua kuliko watu wengi wa hapa.

Nisameheni.

Korbinian


Hohengrain, Juni

Kaka,

Nilimsomea. Ningefanya nini? Aliona uso wangu.

Akakanda unga. Akaukanda hata ukawa hauna maana tena. Mwishowe akasema, "Mficha uchi hazai. Wanawake wangapi nimewaambia hivyo, na mwanangu mwenyewe hakunisikia?" Halafu: "Kumbe nimekuwa nikiwaombea mbuzi." Akacheka mpaka kikohozi kikamshika, na kikohozi kilipomwacha nikaona analia.

Usidhani analilia Nisara. Nakuandikia maneno yake kama alivyoyasema: "Miaka yote hii nilijifariji. Nilisema hawezi kuja, yuko kwa Waturuki, bahari imemzuia. Kumbe yuko Altenwerd. Muuza chumvi anaenda Altenwerd na kurudi kabla jibini yangu haijakauka."

Nami nina hasira na wewe, Korbi. Nimejaribu kuiweka kando ili niandike vizuri, imekataa.

Kijiji kimeambiwa. Leonhard ametaka kujua kama atarudishiwa vishikio vyake vya milango. Wengine wamefurahi, kwa kuwa sasa kengele itakuwa yetu. Lakini wajua hakuna atakayeipiga kabla askofu hajaiosha, akaipaka mafuta na kuiita jina, na Mama ametoa neno: askofu huyo ni wewe. Si mwingine. "Mtoto huoshwa na wa kwao," anasema. Wameitundika kwenye boriti mbele ya mlango wa kanisa, ulimi wake umefungwa kwa kitambaa cha kichwa cha Mama. Watoto wakipita wanaiamkia.

Kwa hiyo njoo.

Walburga


Altenwerd, mwisho wa Julai

Burgi,

Hasira yako ni haki yangu. Iweke, nitakuja kuichukua mwenyewe.

Lakini si sasa. Nilimwendea Mtukufu nikapiga magoti. Alikuwa anavalishwa viatu vya kuwindia. Akauliza, "Nikikuazima milimani, nani atabariki kanisa langu dogo la msituni?" Tena Hohengrain si jimbo lake. Askofu hawezi kuingia kwenye jimbo la mwenzake na kuosha kengele kama anayeosha vyombo. Lazima wakubwa wawili wakubaliane kwa maandishi. Wakubwa hawa wawili wanagombania msitu mmoja tangu enzi za baba zao.

Askofu msaidizi wa kwenu atapita huko Agosti. Ni mtu mwema. Naye mji wake umefukiwa na mchanga, tunataniana tukikutana. Mwacheni aibatize. Shayiri inaiva, na mimi najua ngurumo za Agosti huko juu, na najua watu hawalali bila kengele ya kufukuza mvua ya mawe. Mwambie Mama namwomba.

Nililala nikiota harufu ya kinu. Niliamka nikatafuta unga kwenye nywele zangu.

Korbi


Hohengrain, Septemba

Kaka,

Nakuandikia yaliyotokea kama yalivyotokea, usije ukayasikia kwa wengine.

Yule wa mchangani alikuja. Mama aliketi kwenye ngazi ya kanisa, mkate mapajani, akamwambia, "Baba, wewe ni mtu wa watu, lakini mtoto huyu ana baba yake." Mzee wa watu akacheka, akambariki, akala mkate, akaenda zake. Basi maneno yakaanza. Leonhard akasimama mbele ya mlango wetu: "Bibi Apolonia, mvua ya mawe ikija, tutampelekea mwanao barua?" Na alikuwa na haki. Fimbo ya mbali haiui nyoka.

Ikaja. Alasiri, wingu jeusi lenye pindo la kijani, tena shayiri imesimama shambani bado. Watu wakakimbilia kanisani, wakaizunguka kengele, hakuna anayethubutu. Vibao vinagongwa, nani atavisikia kwenye ngurumo zile? Mama akaingia, akatoka na maji ya kisima cha ubatizo kwenye bakuli. Akasema, "Watoto waliokuwa wanakufa mikononi mwangu, padre akiwa mbali, niliwabatiza mimi. Au nilikosea?" Akaimwagia. "Nisara, nakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu." Padre Wendelin anapiga kelele, "Mama! Hiyo ni shaba, si mtoto!" Lakini Leonhard alishafungua kitambaa.

Kaka, ina sauti kama mtu aliyenyamaza muda mrefu akaamua kusema.

Mvua ya mawe ilishuka bondeni. Kwetu ilipiga shamba moja tu, la Leonhard, naye anasema ni upendeleo.

Sasa lililo zito. Padre aliogopa, akaandika kwa wakubwa. Wamejibu kwamba ni dhihaka ya sakramenti, na Mama asipokee Ekaristi mpaka hukumu itolewe. Mvua ile ilimwingia kifuani. Anakaa viti vya nyuma kanisani, wengine wanakwenda mbele kupokea, yeye anabaki kwenye benchi na mikono yake mapajani. Hajalalamika. Ndiyo maana naogopa.

Sasa sitanii, wala sina hasira tena. Njoo kabla hajafa hivi.

Burgi


Altenwerd, Oktoba

Burgi,

Ninafungasha.

Wakubwa wa huko walimwandikia Mtukufu kwa ukali: fedheha imetoka katika familia ya Askofu wa Nisara, jina lake ndilo lililoandikwa kwenye kengele, basi aje mwenyewe achunguze na kuhukumu, nao wameandika ruhusa. Mtukufu aliisoma akaona aibu mbele ya jirani yake, akaniamuru niondoke upesi. Ombi la mwana lilikataliwa, shitaka limekubaliwa. Nimekaa nikijiuliza kama Mama alilijua hili alipochukua bakuli. Usimuulize. Nataka nimuulize mimi.

Kuhusu hukumu, mtulize. Mkunga akimbatiza mtoto aliye hatarini, haturudii maji. Tunamleta kanisani na kukamilisha yaliyobaki, mafuta, ubani na dua. Kengele si mtoto, najua, na wako wasomi watakaonicheka. Lakini mimi ni Askofu wa Nisara, na hii ndiyo kesi ya kwanza kuletwa kwangu kutoka Nisara.

Mwambie aoke.

Korbi


Hohengrain, Majilio

Kaka,

Uliyoyaona kwa macho yako sina haja ya kukuandikia. Wala siandiki jinsi alivyotaka kupiga magoti kuibusu pete yako na wewe ukamzuia, mkabaki mmeshikana mlangoni mpaka mkate ukaungua. Nakuandikia usiyoyaona, baada ya kuondoka kwako.

Uliposhuka na nyumbu wako, Mama alisema, "Pigeni mpaka avuke kivuko cha chini." Nikapiga. Nikakadiria umevuka, nikaiacha kamba. Akasema, "Piga bado, huenda nyumbu amegoma." Nguvu zikaniishia mikononi, Leonhard akapokea. Kisha mkewe. Wanawake wote waliozalishwa na Mama walikuja kwa zamu, na watu wa kijiji cha pili wakaja mbio kuuliza ni moto au ni vita. Jua likazama. Nikamwambia, "Mama, sasa hawezi kusikia." Akasema, "Wewe unajuaje?"

Wa mwisho kuivuta kamba alikuwa Padre Wendelin. Alikuwa analia, nadhani kwa sababu ndiye aliyeandika. Au ndiye aliyekuleta, mtu akitaka kulitazama hivyo.

Tangu siku hiyo Mama haamki kitandani. Anapokea Ekaristi kila Jumapili, Padre anamletea, na chakula chake ni mkate laini uliolowekwa. Bado anawaombea watu wa Nisara kwanza. Nilimwuliza ni akina nani sasa. Akasema, "Yule mjane anayechelewa, je? Nimwachie nani?"

Ana swali moja, ananiamsha nalo, nami nimeahidi kukuuliza. Ulisikia mpaka wapi?

Burgi


Altenwerd, kabla ya Krismasi

Burgi, msomee karibu na sikio, polepole.

Mama,

Niliisikia njia yote mpaka kivukoni. Pale mto ulikuwa umejaa, maji yakaimeza sauti. Nikavuka. Nikasimama ng'ambo, nikasikia maji tu. Nikamgeuza nyumbu, nikavuka tena kurudi. Mtumishi alidhani nimesahau kitu kwenu, nami sikumkatalia. Nikapanda hadi penye msalaba wa njia panda, nikaisikia tena, nikaketi juu ya jiwe.

Nilijiambia nitaondoka itakapoacha. Haikuacha. Jua likashuka, mtumishi akawa anakohoa kunikumbusha, nami nikasema hawa watu wa Hohengrain wamepatwa na nini, hawana kazi? Lakini ningeondokaje inalia? Basi nikakaa. Ilipoacha hatukuiona njia tena, tukalala kwa mvuvi wa kivukoni, na mkate wako tukaumaliza.

Nilifika Altenwerd nikiwa nimechelewa. Mtukufu alikuwa na wageni wa heshima walioningoja niwabariki mezani, chakula kikapoa. Akaniuliza mbele yao wote, nilikuwa wapi.

Nikamwambia nilikuwa jimboni kwangu.

Mwanao,
Korbinian, Askofu wa Nisara